Zidisha Namba, Jumlisha Vipeo

Ukikutana na (3x²)(4x³), usiurukie mtajo mzima. Anza na namba: 3 mara 4 ni 12. Kisha herufi: jumlisha vipeo, 2 na 3, upate x⁵. Jawabu ni 12x⁵.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea kwenye mitihani. Mmoja anazidisha kila kitu, anaandika 12x⁶. Mwingine anajumlisha kila kitu, anaandika 7x⁵. Ukisita, fungua vipeo pembeni ya karatasi: x² ni x·x, na x³ ni x·x·x. Zihesabu. Ziko x tano. Fungua hivi mara kadhaa, na kanuni itakaa kichwani bila kukaririwa.

Tumia nukta au mabano kuonyesha kuzidisha. Alama ya × ikikaa karibu na herufi x, mwandiko wa haraka utakuchanganya mwenyewe.

Herufi ikiwa haina kipeo, kipeo chake ni 1, si 0. Chukua (−5a²b)(3a⁴b³). Alama kwanza: hasi mara chanya, hasi. Namba: 15. Kwa a, 2 + 4 ni 6. Kwa b, 1 + 3 ni 4. Andika −15a⁶b⁴ na uishie hapo. Vipeo vya a na b havichanganywi kamwe. Kila herufi na vyake.

Kipeo hasi kisikutishe. Kanuni ni ileile: x⁵·x⁻² ni x³, kwa kuwa 5 ukijumlisha na −2 unabaki na 3.

Kipeo kikiwa nje ya mabano, kinahusu kila kinachozidishwa ndani. (2x³)² ni (2x³)(2x³), yaani 4x⁶. Ile 2 ndiyo husahaulika zaidi, kwa hiyo ishughulikie kwanza.

Na 3x² + 4x³? Iache ilivyo. Hapo hakuna kuzidisha, na vipeo havilingani.

Kabla ya kukabidhi karatasi, hakiki kwa kuweka 2 mahali pa x. (3x²)(4x³) inakuwa 12 mara 32, yaani 384. 12x⁵ nayo inatoa 384. 12x⁶ inatoa 768, kosa limeonekana. Usihakiki kwa 1: vipeo vyote vya 1 hutoa 1, kwa hiyo 12x⁵ iliyo sahihi na 12x⁶ yenye kosa zote zitakupa 12.