SOMO: Walikubaliana kabla ya kushuka melini

Mwaka 1620 meli Mayflower ilivuka bahari kutoka Uingereza na abiria wapatao 102. Kibali chao kilikuwa cha Virginia, lakini walifika kaskazini zaidi, Cape Cod, ambako kibali hicho hakikuwa na nguvu. Wengine walikuwa wamekimbia kwa ajili ya dini, wengine walitafuta maisha tu. Ndipo baadhi yao wakaanza kusema kwamba wakishuka, hakuna mwenye haki ya kuwaamuru.

Hawakungoja ugomvi ufike nchi kavu. Tarehe 11 Novemba, wangali melini, wanaume 41 walitia sahihi karatasi fupi ya kuungana, kutunga sheria za haki na kuzitii. Hata watumishi wawili, Edward Doty na Edward Leister, walitia sahihi. Juni 1621 hao hao wawili wakapigana kwa panga na visu! Hawakuachiwa walipizane kisasi. Jumuiya yote iliwahukumu: kufungwa kichwa na miguu pamoja, saa 24 bila chakula. Kabla ya saa moja kwisha waliomba msamaha, wakafunguliwa.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Wanawake hawakutia sahihi. Wawampanoag, wenye nchi, hawakuulizwa. Mapatano na mkubwa wao, Massasoit, yalikuja Machi 1621 tu.

Kwa mazungumzo katika vikundi: Katika kamati yenu ya kijiji, ni nani anayefuata maamuzi bila kuitwa kikaoni?