Jibu la Diski Likichelewa: Namna ya Kurekebisha Draiva Inayogombana na Saa Yake

Kuanzia Mei, mpunga ukishaanza kuingia mjini, mashine za kukoboa za Ifakara huwaka kwa pamoja na umeme unayumba. Seva yenye UPS haitikisiki. Zinazopata taabu ni diski za nje za kuhifadhia nakala, ambazo mara nyingi zimechomekwa moja kwa moja ukutani. Zinasita, zinaanza kuzunguka upya, zinachelewa kujibu. Hapo ndipo draiva yenye kasoro hujulikana.

Nahudumia seva za ofisi ndogo ndogo katika bonde la Ifakara, na kosa la aina hii nimelikuta mara nyingi kiasi cha kutaka kuandika ninavyolishughulikia. Huku kosa hili lina gharama kubwa, maana Ifakara ni mji wa takwimu. Maabara ya utafiti ya Waswisi ilifunguliwa hapa mwaka 1957, leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu 1996 kaya za bonde hili zimekuwa zikifuatiliwa: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Rekodi za namna hiyo zikiharibika hazikusanywi upya. Huwezi kurudi kijijini ukamuuliza mama wa watu mtoto wake alishikwa na homa wiki gani mwaka juzi.

Kosa lenyewe liko hivi. Draiva ikituma ombi la kusoma au kuandika, saa inaanza kuhesabu. Kwenye Linux, diski za kawaida hupewa sekunde 30. Jibu likifika, kidhibiti cha diski kinapeleka intarapti, draiva inalifunga ombi na kuachia kumbukumbu yake. Sekunde 30 zikipita kimya, sehemu nyingine ya msimbo inaamka, inahesabu ombi limeshindikana, nayo inalifunga. Sasa jibu lije saa ikiwa inakwisha. Prosesa moja inahudumia intarapti, nyingine inahudumia muda ulioisha. Zote mbili zinatazama, zote zinaona ombi liko wazi, zote zinalifunga. Itakayochelewa inagusa kumbukumbu ambayo tayari imepewa kazi nyingine.

Seva ikianguka hapo hapo, shukuru. Kuna baya zaidi. Kila ombi lina namba, na namba hutumika tena. Ni kama kwenye mashine ya kukoboa: umeambiwa mpunga wako umekwama, kikaratasi chako namba 7 kikapewa mteja mwingine, halafu mchele wako ukatoka na namba 7 ikaitwa. Data ya ombi moja inakabidhiwa kwa ombi jingine, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Mwaka 2021 draiva ya NVMe ya Linux iliongezewa kinga ya jambo hili: katika biti 16 za namba ya amri, 4 zikatengwa kwa ajili ya kuhesabu zamu za namba hiyo, ili jibu la zamu iliyopita likataliwe.

Kazi ya kwanza ni kuokoa logi. Logi za kerneli zikiwa zinahifadhiwa kwenye diski ile ile iliyogoma, ukiwasha upya hukuti kitu. Washa netconsole, logi ziende kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani. Wala usiharakishe kuulaumu mfumo wa mafaili. Mwishoni mwa 2018, mafaili yalipokuwa yakiharibika kwenye Linux 4.19, wengi waliishuku ext4. Kosa likaonekana ngazi ya chini yake, kwenye blk-mq, tabaka la kerneli linalopanga foleni za maombi ya diski, na likarekebishwa katika toleo la 4.19.8.

Kisha lifanye kosa litokee unapotaka wewe. Hii ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo watu wanayoiruka. Punguza muda wa kusubiri uwe sekunde moja kwa kuandika 1 ndani ya /sys/block/sdb/device/timeout, halafu ielemee diski kwa fio. Kwenye kerneli ya majaribio, weka mdelay ya milisekunde chache kati ya mstari unaokagua hali ya ombi na mstari unaoibadilisha. Nilipofanya hivyo kwenye draiva moja ya kadi ya diski, isiyokuwa ndani ya kerneli rasmi, kosa lililokuwa likisubiri msimu wa mavuno likaanza kutokea pale pale mezani. Jihadhari na printk: kuchapisha kunachukua muda, na muda huo unatosha kulificha kosa ukadhani limepona. Tumia trace_printk. Jenga kerneli yenye KASAN, itakuonyesha nani aliachia kumbukumbu na nani aliigusa baadaye. KCSAN, iliyoingia na Linux 5.8 mwaka 2020, inakamata prosesa mbili zikigusa kitu kimoja bila mpango. Kila moja jengea kerneli yake. Mashine itakuwa nzito, ivumilie.

Kuongeza msleep hapa na pale si tiba. Swali la kujibu ni moja: ombi hili ni la nani sasa hivi? blk-mq tayari ina kinga kwa maombi yake yenyewe. Shida huwa kwenye orodha ambayo draiva imejiwekea kando. Huko, njia zote mbili zipite mlango mmoja:

if (cmpxchg(&ombi->hali, NJIANI, LIMEFUNGWA) != NJIANI)
        return;

Kukagua na kubadilisha kunakuwa tendo moja lisilogawanyika. Aliyefika kwanza ndiye mwenye ombi, mwingine anaondoka bila kugusa chochote. Ongeza refcount_t, kumbukumbu isiachiwe mpaka wote wamalize. Ukihitaji kufuli kwa orodha nzima, chukua spin_lock_irqsave. Mutex haifai kwa sababu mhudumu wa intarapti haruhusiwi kulala.

Kuchomoa diski kuna ugomvi wa aina hiyo hiyo, na tiba yake ni mpangilio: zuia maombi mapya, subiri yaliyo njiani yaishe, zima intarapti kisha uite synchronize_irq, futa saa na kazi zilizopangwa, na kuachia kumbukumbu kuwe mwisho kabisa.

Unapopima kiraka, iache ile mdelay mahali pake. Kiraka kinachopita bila ucheleweshaji hakijathibitisha kitu. Kiendeshe usiku kucha, kwenye mashine yenye prosesa nyingi, huku ukichomoa na kuchomeka diski.

Ikiwa draiva imo kwenye kerneli rasmi, peleka kiraka kwa watunzaji wake, utaje kwa mstari wa Fixes: badiliko lililoleta kosa, na uombe kifikishwe pia kwenye matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa. Seva ninazozihudumia huku bondeni nyingi zinatumia hayo ya zamani.