Programu ya BORIS na Uwekaji Alama wa Tabia za Wanyama

Utafiti wa tabia za wanyama hukabiliwa na tatizo la kale, yaani namna ya kugeuza kinachoonekana kiwe takwimu za kuaminika. Mnamo mwaka wa 1974, Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha makala iliyoainisha mbinu za uchunguzi, mojawapo ikiwa kumfuata mnyama mmoja kwa muda maalumu. Siku hizi kazi hiyo hurahisishwa na tarakilishi. Programu ya BORIS, iliyobuniwa na Olivier Friard na Marco Gamba wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, na kuelezwa katika makala ya mwaka wa 2016, hutolewa bila malipo.

Mtumiaji wa Windows hupakua toleo lililo tayari na kulifungua. Penye lugha ya Python, hutumiwa amri «pip install boris-behav-obs». Katika Linux, kicheza video cha mpv huhitajika pia.

Baada ya kusakinisha, mtafiti huunda mradi na kuandaa ithogramu, yaani orodha ya tabia pamoja na fasili zake. Kila tabia hupewa herufi ya kibodi. Tabia ya papo hapo, kama vile kubweka, hubonyezwa mara moja. Tabia yenye muda, kama vile kusafishana manyoya, hubonyezwa inapoanza na inapokoma. Video inapoendelea, programu hunakili wakati wa kila alama. Hatimaye data huhamishiwa kwenye majedwali.

Hata hivyo, programu haifasili chochote. Iwapo nyani ataacha kumsafisha mwenzake, atazame kando, kisha aendelee, je, hilo ni tukio moja au mawili? Mtafiti mmoja atahesabu moja, mwingine mawili, na programu itayapokea yote. Kwa hivyo, fasili sharti ibainishe mpaka. Kwa mfano, kwamba kituo kinachozidi sekunde 5 hukomesha tukio.

Aidha, nyani haoni kundule. Video ile ile yafaa kuwekewa alama na watu wawili, kisha BORIS ikokotoe kapa ya Cohen: 1 huonyesha mwafaka kamili, na 0 mwafaka usiozidi wa bahati nasibu. Kapa ikiwa ndogo, ithogramu irekebishwe kabla ya video nyingine kuguswa.