Kalamu ya Kugusia Simu: Kazi Mpya kwa Fundi wa Kukereza



Katika kikundi kimoja tulichotembelea tulikaa na nyanya mmoja aliyetaka kutuma pesa ya mchango. Akapangusa simu kwa leso, akagusa kioo, akagusa tena. Wapi! Mwishowe akamwita mjukuu: "Hebu nibonyezee, namba ya siri ni..." Sote tukaisikia. "Mikono yangu imekuwa ganda la mti," akasema akicheka. Sisi hatukucheka sana. Mwenye kuijua namba yako ya M-Pesa akiishika na simu yako, pesa si zako tena.

Somo letu la leo ni kifaa kidogo ambacho fundi wa kukereza miguu ya vitanda na viti anaweza kumtengenezea nyanya huyu.

KWA NINI SIMU HAISIKII?

Kioo cha simu ya kisasa hakingoji kusukumwa kama kitufe. Ndani yake kuna mistari myembamba isiyoonekana, yenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa mtu hupitisha umeme, kwa hivyo kidole kikigusa chaji hubadilika na simu hujua umegusa wapi. Ngozi kavu, iliyofanywa sugu na jembe, hupunguza mguso huo. Kijiti nacho hakifanyi kazi kwa sababu mbao kavu haipitishi umeme.

Basi kumbukeni jambo hili moja: lazima kuwe na njia ya chuma kutoka vidoleni hadi kwenye ncha. Kalamu isiyo na njia hiyo ni pambo tu, hata ikipendeza namna gani.

VIFAA

- Kipande cha mbao kavu, urefu sentimita 11, upana sentimita 2 kila upande. Mabaki ya jacaranda, mwembe, mwarobaini au mgrevilea yanafaa. Hakuna haja ya kukata mti.
- Mrija wa shaba wa milimita 7, urefu sentimita 13.
- Ncha ya mpira unaopitisha umeme, inayoingia kwa kubana kwenye mrija. Hununuliwa ikiwa tayari. Mpira wa ndala haufai.
- Gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili, msasa, na mafuta au nta ya mbao.

HATUA

1. Jaribuni kwanza. Tieni ncha kwenye mrija mtupu, mshike kwa vidole, mguse simu. Isiposikia, badilisheni ncha kabla ya kupoteza mbao.
2. Toboeni mbao katikati kwa keekee ya milimita 7. Endeni polepole, mkiitoa mara kwa mara kuondoa unga, la sivyo mbao itapata moto na kupasuka.
3. Kwaruzeni mrija kwa msasa ili gundi ishike. Uingizeni, lakini sentimita 2 za mbele zibaki nje. Hapo ndipo vidole vitashika. Acheni hadi kesho yake.
4. Toeni ncha, kisha fungeni kazi kwenye mashine kwa chuma chembamba kinachopita ndani ya mrija. Kerezeni kidogo kidogo, patasi isiguse shaba.
5. Pigeni msasa namba 120, kisha 240, kisha 400. Pakeni mafuta kwenye mbao tu. Shaba ikipakwa vanishi, njia ya umeme imezibwa.
6. Rudisheni ncha na mjaribu tena, kalamu ikiwa mkononi mwa mwenyewe.

TAHADHARI: Mashine haina huruma. Kunjeni mikono ya shati, vueni leso na mikufu, fungeni nywele. Vaeni miwani ya kazi na kitambaa puani. Zimeni mashine kabla ya kupima.

MTAUZA KWA NANI?

Madukani kuna kalamu za plastiki za bei ya chini, na hatuwezi kushindana nazo kwa bei. Lakini kiwanda hakijui mkono wa nyanya. Fundi anajua. Mwenye vidole vilivyokakamaa mkerezeeni mpini mnene. Mwenye kutetemeka mwekeeni kiuno cha kuzuia kuteleza. Hiyo ndiyo faida ya kukereza moja moja.

Pigeni hesabu bila kujidanganya. Tuseme vifaa ni shilingi 180, na fundi anatumia saa moja na nusu kwa shilingi 100 kwa saa. Hiyo ni 180 na 150, jumla 330, na bado hamjahesabu umeme. Mkiuza 250 mtasifiwa na kila mtu, huku mkipoteza shilingi 80 kwa kila kalamu. Kwa hivyo tengenezeni moja, impeni mtu aitumie wiki nzima, msikie atasema nini, ndipo mnunue vifaa vya nyingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani huwapa wengine namba yake ya siri kwa sababu simu haimsikii?
2. Fundi gani wa karibu ana mashine, na tutamlipa vipi?
3. Mabaki ya mbao huenda wapi sasa?

Kalamu haifundishi mtu kuficha namba yake. Hilo tufundishane wenyewe. Lakini yule nyanya akiweza kubonyeza mwenyewe, hatakuwa na sababu ya kuitaja mbele ya watu.