Mwongozo kwa Wahojaji wa Utafiti Kitui na Makueni

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Ukambani. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa na 125 kati yao wamefariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Watafiti waliwahoji wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Vipimo vya maabara vilionyesha sumu imo, lakini ni mahojiano yaliyoonyesha ilikopatia nafasi: mahindi ambayo hayajakauka, yakawekwa ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Mhojaji na ajifunze hapo namna ya kuunda swali. Ukimuuliza mkulima, "Je, mlihifadhi mahindi vizuri?" atajibu ndiyo. Nani atakubali mbele ya mgeni kwamba alilisha watoto wake mahindi yaliyooza? Muulize badala yake yalivunwa lini, yalianikwa juu ya nini, mvua iliponyesha yalihamishiwa wapi, na gunia la kwanza lilifunguliwa lini. Mtu hukumbuka alichofanya kwa mikono yake kuliko anavyokumbuka maoni yake, na hatua moja humkumbusha nyingine. Pia usimtake ataje tarehe. Mtajie misimu: kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo la wakulima huku, au wakati wa kuvuna pojo.

Jambo la pili ni msaada. Kaunti hizi zimepokea chakula cha njaa miaka mingi, na mtu mwenye kalamu na orodha ya majina hudhaniwa kuwa anaandikisha watakaopewa. Mhojiwa akidhani hivyo atapunguza mbuzi na kuongeza watoto, na kwa kweli hana lawama. Mweleze mwanzoni, kwa maneno mepesi, kwamba hakuna kitakachogawiwa, kisha urudie kabla ya kuuliza habari za mali. Kusema mara moja hakutoshi.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua za kaunti ni lazima, na chifu na mzee wa kijiji wapewe taarifa mapema. Lakini mzee akishakutambulisha, mshukuru na umwombe kwa heshima akuache na mwenye boma. Mama hawezi kuzungumzia pombe ya mumewe, au mgao wa maji ya kisima, huku kiongozi ameketi kando. Mume naye akianza kumjibia mkewe, mpangie mahojiano yake mwenyewe na mtafiti mwingine.

Maswali yatafsiriwe kwa Kikamba kabla ya kwenda nyanjani, na mtu wa pili ayarudishe kwa Kiswahili ili makosa yaonekane. Wahojaji wanaotafsiri papo hapo huuliza kila mmoja swali lake, ingawa hojaji ni moja. Mtoto wa shule asitumiwe kuwa mkalimani wa nyanya yake.

Ridhaa iombwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote, aulize atakacho, ndipo aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua taarifa zake zitatumiwaje. Majina yatunzwe mbali na majibu.

Siku ya soko usiende. Wakati wa palizi fika alasiri. Mhojiwa akinyamaza baada ya swali, nyamaza naye. Wahojaji wengi hukimbilia swali linalofuata, na jibu lililokuwa linakuja hupotea.

Matokeo yarudishwe barazani, kwa Kikamba. Tarehe ya baraza hilo na nauli yake viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana fedha za mradi huisha kabla ya safari hiyo.