SOMO: Mwenye Mawazo Mengi Tumsaidieje?

Mtu akikosa usingizi kwa mawazo, wengi wetu humwambia, "Jikaze tu." Wengine husema eti amerogwa, ama imani yake ni haba. Hebu tuone elimu ya saikolojia inasema nini.

Saikolojia ni sayansi ya kuchunguza jinsi mtu anavyowaza, anavyohisi na anavyotenda. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara yake huko Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo elimu hii imeenea duniani na kuwa kazi ya kusomewa. Lakini katika nchi nyingi za Afrika wataalamu ni wachache, na wengi wao wako mijini.

Zimbabwe walipata njia. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 wa Mbare, Harare. Walifunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi, nje ya kliniki. Shida yenyewe huitwa kwa Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi.

Je, ilisaidia? Sayansi haitosheki na "tumeona", hupima. Kliniki 24 zilipigiwa kura: nusu zikatumia benchi, nusu zikabaki na huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo. Matokeo yalitangazwa 2016. Baada ya miezi sita, wagonjwa wa benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Hufanya hivi:

1. Msikilize bila kumkatiza wala kumhukumu.
2. Ataje shida zake zote, kisha achague moja ya kuanza nayo.
3. Apange mwenyewe hatua ndogo anayoiweza.
4. Mkutane tena, mwone amefika wapi.

Angalia: Msikilizaji si mtaalamu. Sheria ya Kenya ya 2014 inataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Maswali ya kikundi

1. Rafiki za Ayubu walikaa naye kimya siku saba (Ayubu 2:13). Walipoanza kusema, walimsaidia ama walimwumiza?
2. Hapa kwetu ni nani anayejua kusikiliza na kutunza siri? Tufanye nini ili apate mafunzo?