Motokari ya Mbio au ya Jamaa?

Ndugu mfanyakazi, akiba yako imetosha kununua motokari. Je, utachukua ile ya mbio, yenye milango miwili, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma? Ama ile ndogo, yenye milango mitano na nguvu ya kutosha, inayovutwa na ya mbele?

Kumbuka mvua za Kolwezi, tangu Novemba mpaka Machi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu katika kona yenye utelezi, magurudumu ya nyuma huteleza na gari huzunguka. Ile ndogo ina uzito wa injini juu ya magurudumu yanayovuta. Hutoka matopeni kwa urahisi zaidi. Lakini nayo, ukiingia kona kwa mbio, itakupeleka moja kwa moja mtaroni.

Bibi na watoto wanahitaji nafasi na mikanda: chagua ile ndogo. Badilisha mipira iliyolika. Punguza mwendo, ufike nyumbani.